Mtunzi amekata beti zangu 150. Je, mwandishi wa libreto (maneno ya opera, tamthilia inayoimbwa) ni karani tu?

*"Naandika mashairi tangu sekondari, na baadhi yamesomwa redioni. Mwaka jana mwalimu mmoja wa muziki, mtunzi mzuri tu, aliniomba nimwandikie maneno ya opera ya Kiswahili ya saa moja na robo, hadithi ya mjane anayedai shamba la marehemu mumewe. Nilimpelekea utenzi wa beti 240, vina na mizani vimekaa sawa, nimeuhangaikia miezi saba. Amebakiza beti 90. Nyingine amezivunja katikati, kipande kimoja anakirudia mara sita, na sasa anataka niandike maneno ya kuingiza kwenye wimbo ambao ameshautunga, ati nihesabu nota. Nilipolalamika akasema muziki ndio opera, maneno hayasikiki hata hivyo. Wenzangu wananicheka kwamba nimegeuka karani wake. Ndivyo kazi hii ilivyo, au ananionea? Na jina langu likae wapi kwenye bango?"*

Ndugu malenga, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Nikikuelewa vizuri, kinachokuuma si zile beti 150 peke yake. Zimekatwa ukiwa haupo, kisha ukaambiwa kwamba hata zingebaki zisingesikika. Hayo ni mambo mawili. Katika la kwanza mtunzi wako ana haki zaidi kuliko unavyodhani, na katika la pili amekosea.

Chukua saa uweke mezani. Ghani beti moja ya utenzi wako bila haraka, vipande vinne vya mizani nane nane. Mimi hunichukua kama sekunde kumi. Beti 240 basi ni dakika 40 za kughani. Lakini maneno yakiimbwa hurefuka: silabi moja hushikiliwa mapigo matatu, mwimbaji avute pumzi, vyombo vijibu. Kwa kadirio ninalotumia kazini, neno la kuimbwa hula muda mara tatu ya neno la kusemwa. Kwa hiyo ulimpelekea saa mbili za kuimba mfululizo, naye alikuomba saa moja na robo. Beti 90 zinampa dakika 45, na nusu saa iliyobaki ni ya vyombo, marudio, watu kuingia na kutoka, na ule ukimya ambao wakati mwingine ndio unaoliza ukumbi. Hesabu yake ni sahihi. Kosa lake ni kutokuonyesha hesabu hiyo kabla hujaandika beti ya kwanza.

Na hukukatwa wewe peke yako. Mshairi Arrigo Boito alipomwandikia mtunzi wa Kiitaliano Giuseppe Verdi maneno ya *Otello*, alichukua tamthilia ya Shakespeare yenye mistari zaidi ya 3,000 akaifanya isifike hata 1,000. Alikatia wapi? Kitendo kizima cha kwanza, kile cha Venice, alikiondoa. Opera inaanza katika dhoruba kisiwani Kupro, watu wako ufukweni wanatazama meli ya jemadari Othello ikipigwa na mawimbi. Lakini katika kile kitendo kilichotupwa mna maneno ambayo hadithi haiwezi kuishi bila ya hayo, pale Othello anapoeleza jinsi mkewe Desdemona alivyompenda kwa kusikiliza habari za mateso yake vitani. Boito aliyabeba akayaweka mwishoni mwa kitendo chake cha kwanza, usiku, wapenzi wako peke yao. Kwa Shakespeare mtu anajitetea mbele ya wakubwa wa serikali. Kwa Boito mume na mke wanakumbushana walivyopendana. Maneno karibu ni yale yale, kazi yake imebadilika kabisa. Kisha akaongeza kitu ambacho Shakespeare hakuandika: Iago, adui wa siri wa Othello, anasimama peke yake anatangaza imani yake katika Mungu mkatili. Verdi alipopelekewa ukurasa huo alifurahi mno.

Nimekaa hapo kwa sababu ndipo kazi yako ilipo hasa. Mwandishi wa libreto anaamua nani yuko jukwaani, amekuja kutaka nini, anajua nini ambacho mwenzake hajui, na ni dakika gani moyo unafurika hata kusema hakutoshi tena ila kuimba. Beti nzuri huja baada ya hayo. Mshairi akianza na beti, anampa mtunzi diwani ya kusoma, na mtunzi anaikata kwa kukisia. Ninashuku ndivyo ilivyotokea kwako. Mjane wako anadai shamba, sawa. Je, ni katika onyesho lipi anagundua kwamba shemeji yake ndiye aliyeficha hati? (Nakisia tu hadithi yako, unisamehe.) Kama ugunduzi huo umesimuliwa kwa beti thelathini, hakuna mtunzi duniani atakayezibakiza zote.

Sasa hilo la "muziki ndio opera". Neno libreto kwa Kiitaliano ni kijitabu tu, na kilikuwa kijitabu kweli: kilichapwa, watu wakakinunua, wakakifuata humo humo ukumbini onyesho likiendelea. Katika karne ya 18 aliyetawala Ulaya katika opera alikuwa mshairi. Pietro Metastasio, aliyeishi kuanzia 1698 hadi 1782, aliandika maneno ambayo watunzi walipokezana kama sufuria la shughuli. *Artaserse* yake peke yake ilitiwa muziki na watunzi tofauti zaidi ya themanini. Muziki ulichakaa ukabadilishwa, maneno yakabaki. Wenzako wangekuwepo zama hizo wangemcheka mtunzi.

Waliogeuza meza walikuja baadaye, na mmoja wao ni mtunzi Mozart. Mtunzi wako huenda amewahi kusikia kauli yake maarufu, kwamba katika opera ushairi lazima uwe binti mtiifu wa muziki. Aliiandika katika barua kwa baba yake tarehe 13 Oktoba 1781. Watu hunukuu nusu. Katika barua hiyo hiyo Mozart anasema mashairi ni kitu ambacho muziki hauwezi kukikosa, na kwamba kinachoharibu ni vina vinavyotafutwa kwa ajili ya vina. Bora kuliko yote, anasema, ni mtunzi hodari anayeijua jukwaa kukutana na mshairi mwenye uwezo, ndege adimu yule. Mpelekee mwenzako barua nzima. Nawe usome kile kipengele cha vina mara mbili, maana hapo anakulenga wewe.

Miaka michache baadaye Mozart alimpata ndege wake, Lorenzo Da Ponte, padri aliyefukuzwa Venice akawa mshairi wa tamthilia ya Kiitaliano huko Vienna. Wakafanya opera tatu: *Le nozze di Figaro* mwaka 1786, *Don Giovanni* mwaka 1787 na *Così fan tutte* mwaka 1790. Figaro ilitokana na tamthilia ya Beaumarchais ambayo Mfalme Mkuu Joseph II alikuwa ameipiga marufuku jukwaani. Da Ponte alipunguza wahusika kutoka 16 hadi 11, vitendo kutoka vitano hadi vinne, na ile hotuba kali ya mtumishi Figaro dhidi ya mabwana akaibadilisha ikawa malalamiko ya mume juu ya wanawake. Unaweza kusema aliogopa. Mimi nasema alijua hasira ya yule mtumishi itapita kwenye muziki, mahali ambapo hakuna mkaguzi anayeweza kuipigia mstari mwekundu. Tazama anavyofunga kitendo cha pili. Bwana na bibi wanagombana mbele ya mlango uliofungwa. Anatokea kijakazi, kisha Figaro, kisha mtunza bustani mlevi amebeba mche uliovunjika, kisha wadai watatu. Muziki unakwenda kama dakika ishirini bila kusimama, umeanza na watu wawili unaishia na saba wakiimba kwa pamoja, kila mmoja na lake. Hapo ni kweli, maneno ya kila mmoja hayasikiki yote. Lakini aliyepanga nani aingie baada ya nani ni mshairi. Ondoa mpango huo uone kama muziki huo ungetungwa.

Kwa hiyo akikuambia tena maneno hayasikiki, mkubalie kwa sauti za juu sana na kwa nyimbo za wengi. Kisha umuulize neno la Verdi. Alipokuwa akiandaa *Aida*, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Cairo tarehe 24 Desemba 1871, Verdi alikuwa akimwandikia mshairi wake Antonio Ghislanzoni kumwomba kitu alichokiita *parola scenica*. Mimi hukiita neno la jukwaani: maneno machache, makavu ikibidi, yanayomfanya mtu wa kiti cha nyuma aelewe papo hapo nini kimetokea. Mara nyingine Verdi alimtaka mshairi auache wizani na vina ili neno hilo lipate nafasi. Nadhani hicho kipande chako anachokirudia mara sita ndicho alichokiona kuwa neno la jukwaani. Angalia ni kipi. Kama ni chenye uzito, amekuheshimu. Kama ni kile ulichokiandika kujaza kina, mpe kingine leo leo.

Kuhusu kuandika maneno ya kuingia kwenye wimbo uliokwisha tungwa, wengi hudhani ni dharau ya siku hizi. Katika barua nyingine kwa baba yake, ya tarehe 26 Septemba 1781, Mozart anasimulia kwamba sehemu kubwa ya muziki wa wimbo mmoja wa Osmin, msimamizi mkali katika opera aliyokuwa akiitunga, ilikuwa tayari kabla mwandishi wake Stephanie hajajua hata neno moja. Mtunzi wa Kiitaliano Puccini naye alikuwa na njia yake. Akiwa na wimbo mkononi aliwapelekea washairi mistari ya kipuuzi isiyo na maana yoyote, ili tu waone silabi ngapi zinatakiwa na mkazo uangukie wapi. Wimbo wa Musetta katika *La bohème* ya 1896 ulipatikana hivyo. Mwombe mtunzi wako afanye vivyo hivyo. Asikupe nota uhesabu. Akuandikie upuuzi wa Kiswahili wenye mkazo mahali pake, "kuku kala kachumbari" au chochote, nawe uujaze maana. Utashangaa kazi inavyokuwa nyepesi.

Hapa niingie kwenye lugha yetu, maana ndipo unapoweza kumfundisha yeye. Washairi wa Kiitaliano huhesabu silabi kama sisi tunavyohesabu mizani, na wana mstari wa nane kama kipande cha utenzi. Maneno yao mengi huishia kwenye irabu kama yetu, ndiyo maana lugha hiyo huimbika. Lakini hawakuandika opera nzima kwa bahari moja. Sehemu za mazungumzo waliziandika kwa mistari ya saba na kumi na moja iliyochanganywa, vina si lazima, na moyo ulipofurika wakahamia kwenye mistari mifupi yenye vina. Mtunzi akiona mizani imebadilika anajua muziki nao ubadilike. Beti 240 za utenzi mtupu hazimpi dalili hiyo. Mpe mazungumzo kwa mistari huru, ugomvi kwa vipande vya mizani sita, sala ya mjane kwa shairi la kumi na sita, na utenzi uubakize kwa msimulizi.

Kisha mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache, na pigo zito likikaa penginepo maana huyumba. Chukua *barabara*: ukikaza "ba" ya pili ni njia ya magari, ukikaza "ra" ya kwanza ni sawasawa. Wengi wanaotunga kwa kinanda husahau hilo. Nyingine ni mitego ya kwetu wenyewe washairi. Niliwahi kumwandikia mtunzi mmoja mstari ulioishia "yuko wapi huyo mtu". Kwenye karatasi mizani nane safi. Siku ya mazoezi dada wa sauti ya kwanza akafika kwenye nota ndefu ya juu kabisa, na mkazo wa "mtu" uko kwenye "m". Akabaki midomo imefumba, "mmmmm", mishipa ya shingo imemsimama, vijana wa sauti ya nne wakaangua kicheko. Nilikuwa nimekaa nyuma na nilitamani sakafu inimeze. Tukabadilisha papo hapo ikawa "yu wapi mwenzangu". Mkazo ukahamia kwenye "nza", irabu ya *a*, kinywa kikafunguka, sauti ikajaza ukumbi. Mizani zilipungua mbili, na hakuna aliyezidai. Katika hadithi ya mjane utalikuta neno "mke" mara nyingi. Mahali pa nota ndefu andika "mkewe", mkazo utahamia kwenye "ke". Na kwa nota za juu kabisa mwonee huruma mwimbaji wa kike, usimpe *i* na *u* kama *a* ipo.

Mambo haya hayajulikani kwa kubadilishana mafaili. Nenda kwenye kinanda, ukae karibu yake. Kama ni lazima mwandikiane, basi mwandikiane kwa kirefu kama mtunzi Richard Strauss na mshairi Hugo von Hofmannsthal, waliofanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa barua. Mwaka 1909 Strauss alipokea kitendo cha pili cha *Der Rosenkavalier* akaona kimelala. Akamwandikia mshairi mpango mpya wa ugomvi na mapigano ya panga, na Hofmannsthal, mtu mwenye majivuno yake, akaupokea. Mtunzi alimrekebishia mshairi hadithi, na alikuwa sahihi. Mwaka 1911 mambo yakageuka. Strauss aliipokea *Ariadne auf Naxos* bila shauku, mshairi akaumia, akamwandikia barua ndefu kueleza kila tukio lina maana gani. Strauss akajibu kwamba sasa ameelewa, ila kama yeye hakuyaona hayo, watazamaji watayaonaje? Barua kama hiyo ya Hofmannsthal ndiyo unayodaiwa wewe. Chagua beti kumi kati ya zile 150 ambazo unaamini hadithi inakufa bila hizo, umweleze kwa nini, moja moja. Kumi tu. Ukitetea zote 150 hatakusikia.

Kama hamwelewani kabisa, tafuteni mtu wa tatu. Puccini alikuwa na waandishi wawili: Luigi Illica alipanga matukio na mazungumzo, Giuseppe Giacosa akayatia kwenye mashairi. Giacosa alitishia kuacha kazi zaidi ya mara moja, na mchapishaji Giulio Ricordi ndiye aliyewashikilia pamoja. Kwenu anaweza kuwa mwongozaji wa jukwaa, mtu asiye na beti wala nota za kutetea.

Sasa jina. Liwe kwenye bango, karibu na la mtunzi, kwa maandishi yanayosomeka: "Muziki wa fulani, libreto ya fulani." Hapa usiwe mpole. *Manon Lescaut* ya Puccini, mwaka 1893, ilipita mikononi mwa waandishi wengi kiasi kwamba mwishowe ukurasa wa mbele haukuwa na jina la mwandishi hata mmoja. Ndiyo hatari ya kuruhusu kila mtu aguse maneno bila makubaliano. Kwa upande mwingine, mwaka 1935 huko Dresden, chini ya utawala wa Wanazi, jina la mwandishi Stefan Zweig liliondolewa kwenye tangazo la *Die schweigsame Frau*, opera aliyomwandikia Strauss maneno, kwa sababu alikuwa Myahudi. Strauss, ambaye katika mengine ya zama hizo ana ya kujibu, alidai lirudishwe, na likarudishwa. Opera ikapigwa marufuku baada ya maonyesho machache.

Kisheria, Tanzania na Kenya vilevile, maneno yako ni kazi ya fasihi yenye hakimiliki yake mbali na muziki. Kabla ya mazoezi kuanza, wekeni kwenye karatasi mgawanyo wa mapato, nani anaruhusiwa kubadilisha neno na kwa idhini ya nani, na kwamba utenzi kamili unabaki wako kuuchapisha. Ongeza kifungu kwamba asipomaliza muziki ndani ya muda mtakaokubaliana, maneno yanarudi kwako. Hapo usinitegemee mimi. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO, ya Kenya, kama uko huko, na ukipewa mkataba uliokwisha andikwa, umpelekee wakili ausome kabla hujatia sahihi. Ada ya wakili itakuuma, lakini si kama kesi. Na akikataa katakata kuandikiana, au jina lako likianza kupotea kwenye matangazo, chukua beti zako uondoke mapema. Ukingoja hadi mavazi yashonwe utaonekana wewe ndiye mvurugaji.

Lakini kwa jinsi ulivyomweleza, sioni mtu wa kukudhulumu. Naona mtunzi mwenye haraka na mshairi aliyefanya kazi miezi saba peke yake chumbani. Mpigie simu, umwambie unataka kuja kwenye mazoezi ya wiki ijayo, na umwombe ule upuuzi wa kuku na kachumbari uwe tayari. Nenda na penseli, si kalamu ya wino. Zile beti kumi ziwe mfukoni, na usizitoe mpaka umemsikia mjane wako akiimba mara ya kwanza.